Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Vifaru vya Vita na Mikono Iliyoviunda

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Wao walitazama majahazi na mashua, wakamkumbuka fundi aliyekaa miezi ufukoni na shoka lake na tezo yake. Leo twataka kuitumia methali hiyo kwa chombo kisichoelea hata kidogo, nacho ni kifaru cha vita.

Watu wanapozungumza juu ya vita vya vifaru, mara nyingi huwataja majenerali. Husema Guderian alipenya hapa, Rommel alizunguka kule, Zhukov alizuia pale. Tena hupenda kubishana ni kifaru kipi kilichokuwa na bamba nene zaidi na mzinga mrefu zaidi. Mabishano hayo ni matamu, wala hatuwakatazi watu kubishana. Lakini ukiifuata historia ya silaha hii tangu ilipozaliwa, utaona jambo ambalo mabishano hayo hulificha. Utaona kwamba vifaru vingi vilishindwa kabla ya kumwona adui, na kwamba vilipopata ushindi vilishinda kwa nguvu za watu wengi ambao hawakukaribia kamwe uwanja wa vita. Hao ni mafundi, wachomeleaji, madereva wa malori, wafanyakazi wa reli, na wanawake na vijana waliosimama mbele ya mashine usiku kucha.

KIFARU KILIVYOZALIWA

Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Ulaya yalikwama. Tangu mwisho wa mwaka 1914 mahandaki yalitanda kutoka mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini. Askari aliyeinua kichwa alikutana na risasi za bombomu, na kikosi kilichoshambulia kilinaswa katika seng'enge. Maelfu kwa maelfu ya vijana walikufa kwa ajili ya mita mia chache za tope.

Sehemu kubwa ya dawa ya ugonjwa huo ilitoka katika mji wa Lincoln, Uingereza, kwenye kiwanda cha William Foster, kilichojulikana kwa kutengeneza mashine za kupura ngano na magari mazito ya shamba. Mkurugenzi wake, William Tritton, pamoja na ofisa aitwaye Walter Wilson, walishika kazi hiyo mwaka 1915. Walichukua minyororo ya chuma iliyotumiwa kuvusha mitambo ya kilimo juu ya ardhi laini, wakaizungushia sanduku la chuma lenye mizinga. Ili siri isivuje ilisemwa kwamba vyombo vile ni matangi ya kuchukulia maji, na jina hilo la tangi likashika katika lugha ya Kiingereza hata leo. Sisi Waswahili tulikipa chombo hicho jina la mnyama, na twaweza kusema kwamba tulikaribia ukweli zaidi: mnyama mzito, mwenye ngozi ngumu, mwenye ghadhabu, lakini asiyeona mbali.

Tarehe 15 Septemba 1916, huko Somme nchini Ufaransa, vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza. Waingereza walikuwa navyo 49. Zaidi ya kumi havikufika hata mahali pa kuanzia, kwa kuwa injini zilikufa au minyororo ilikwama. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 28 na kilikwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Ndani yake walikaa watu 8, na wanne kati yao walihitajika kwa kazi ya kukiendesha na kukigeuza tu. Injini ilikuwa katikati yao, bila ukuta wa kuwatenga nayo. Joto, kelele na moshi wake viliwafanya wengine wazirai, na waliotoka wakiwa hai walitoka wakitapika. Hata hivyo, pale vifaru vilipofika, Wajerumani waliokuwa katika mahandaki walishikwa na hofu kuu, na kijiji cha Flers kikatekwa siku ile ile.

HESABU YENYE MAFUNZO

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Novemba 1917, Waingereza walikusanya vifaru vya kupigana zaidi ya 370 mbele ya mji wa Cambrai. Siku hiyo walivunja ngome ambazo zingehitaji miezi ya kuzipiga kwa mizinga. Huko Uingereza kengele za makanisa zilipigwa kwa furaha. Lakini tuitazame hesabu ya siku hiyo moja. Vifaru 179 vilitoka vitani. Vilivyopigwa na adui vilikuwa 65. Vilivyoharibika mitambo vilikuwa 71, na vilivyozama katika mashimo na mifereji vilikuwa 43. Maana yake ni kwamba, katika kila vifaru vitatu vilivyopotea, karibu viwili havikuangushwa na kombora la Mjerumani. Viliangushwa na gia, injini, minyororo na ardhi. Siku kumi baadaye Wajerumani walishambulia, wakarudisha sehemu kubwa ya ardhi waliyokuwa wameipoteza.

Tarehe 8 Agosti 1918, karibu na mji wa Amiens, vifaru zaidi ya 400 vilitangulia mbele ya Waingereza, Wakanada, Waaustralia na Wafaransa, na jeshi la Ujerumani likapata pigo kubwa lililoanzisha mwisho wa vita. Asubuhi ya pili vilivyoweza kupigana vilikuwa 145. Siku ya tano vilibaki 6. Vingine vilikuwa vimepigwa, na vingine vingi vilikuwa vimechoka tu, pamoja na watu waliokuwa ndani yake.

Hesabu hiyo ndiyo darasa la kwanza la vita vya vifaru. Gari la chuma lina nguvu za siku moja. Likitakiwa kuwa na nguvu siku ya pili, lazima nyuma yake wawepo mafundi, vipuri, mafuta, na gari jingine la kushika nafasi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

UFARANSA MWAKA 1940

Baada ya vita ile nchi zote kubwa ziliunda vifaru, lakini hazikujifunza fundisho moja. Ilipofika tarehe 10 Mei 1940, siku Ujerumani ya Hitler ilipoanza kuishambulia Ufaransa, Wafaransa na wenzao walikuwa na vifaru vingi kuliko Wajerumani. Tena baadhi ya vifaru vya Kifaransa vilikuwa na nguvu zaidi. Kifaru chao kizito, Char B1 bis, kilikuwa na mabamba yenye unene wa milimita 60. Tarehe 16 Mei katika kijiji cha Stonne, kifaru kimoja cha aina hiyo kilipigwa makombora zaidi ya 100, na hakuna hata moja lililotoboa ngozi yake.

Basi ilikuwaje Ufaransa ikaanguka kwa muda wa majuma sita? Sababu ni nyingi, nasi tutazitaja tatu zihusuzo jambo letu.

Ya kwanza ni mawasiliano. Guderian alikuwa amehudumu katika kikosi cha mawasiliano zamani za Vita Kuu ya Kwanza, naye alisisitiza kwamba vifaru viwe na redio. Kwa hiyo kamanda wa Kijerumani aliweza kusema na vifaru vyake vikiwa mwendoni. Vifaru vingi vya Kifaransa havikuwa na redio, na maagizo yalipelekwa kwa bendera au kwa mjumbe wa pikipiki.

Ya pili ni mgawanyo wa kazi. Katika vifaru vingi vya Kifaransa, kile kichwa cha chuma kizungukacho chenye mzinga kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Mtu huyo alitakiwa kumtafuta adui, kutoa amri, kujaza kombora, kulenga na kupiga. Katika vifaru vikubwa vya Kijerumani kazi hiyo iligawanywa kwa watu watatu. Kila mfanyakazi anajua tofauti ya mashine yenye watu wa kutosha na mashine aliyoachiwa mtu mmoja.

Ya tatu ni mafuta. Tarehe 15 Mei, siku moja tu kabla ya ushujaa wa Stonne, Divisheni ya Kwanza ya vifaru vya Ufaransa ilikuwa imesimama karibu na kijiji cha Flavion, nchini Ubelgiji, ikingojea petroli. Malori ya mafuta yalikuwa nyuma kabisa ya msafara, na barabara zilikuwa zimejaa wakimbizi. Wajerumani wakawakuta katika hali hiyo. Kabla ya kesho yake divisheni ile ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa, na baadhi ya vifaru vyake vilichomwa na wenyewe kwa sababu havikuwa na mafuta ya kuviondoa. Bamba la milimita 60 halina faida tangi likiwa tupu.

Wajerumani walivuka mto Meuse huko Sedan tarehe 13 Mei, na tarehe 20 walifika Abbeville, karibu na bahari. Lakini hata wao hawakuwa jeshi la chuma tupu, kama filamu zao za kujisifu zilivyotaka watu waamini. Divisheni zao za vifaru zilikuwa 10 tu. Sehemu kubwa ya jeshi lao ilikwenda kwa miguu, na mizinga na mizigo yake ilivutwa na farasi. Walishinda kwa kuwa vifaru vichache walivyokuwa navyo vilikusanywa pamoja, vikaunganishwa na askari wa miguu wa kwenye magari, mizinga, ndege, wahandisi wa madaraja na malori ya mafuta.

VIWANDA VILIVYOSAFIRI

Tarehe 22 Juni 1941 Hitler alivamia Muungano wa Kisovieti. Nchi hiyo ilikuwa na vifaru zaidi ya 20,000, wingi ambao haukuwa na mfano duniani. Lakini vingi vilikuwa vya zamani, vipuri havikutosha, redio zilikuwa chache, madereva wengi walikuwa wamejifunza kwa saa chache tu, na maofisa wengi wenye ujuzi walikuwa wameuawa au kufungwa na serikali ya Stalin katika miaka ya 1937 na 1938. Kabla ya mwaka 1941 kwisha, Wasovieti walikuwa wamepoteza vifaru zaidi ya 20,000. Maelfu kati ya hivyo viliachwa kando ya barabara kwa kukosa mafuta au kifaa kimoja kidogo.

Hapo ndipo hadithi yetu inapofika mahali pake penyewe, yaani karakana.

Kifaru bora cha Wasovieti, T-34, kilibuniwa katika kiwanda cha vichwa vya garimoshi mjini Kharkov, nchini Ukraine. Kiongozi wa wabunifu alikuwa Mikhail Koshkin. Mwezi Machi 1940 alifuatana na vifaru viwili vya kwanza kutoka Kharkov mpaka Moscow katika baridi kali, ili vionekane na wakubwa. Aliugua kichomi, na akafa mwezi Septemba mwaka huo huo, kabla ya kukiona kifaru chake kikipigana. Kilikuwa na mabamba yaliyolazwa upande ili kombora liteleze, minyororo mipana isiyozama upesi katika tope na theluji, na injini ya dizeli. Lakini kiwanda chenyewe kilikuwa njiani mwa adui, na mji wa Kharkov ulitekwa mwezi Oktoba 1941.

Siku mbili tu baada ya uvamizi kuanza liliundwa Baraza la Uhamishaji. Kati ya Julai na Novemba mwaka huo viwanda vikubwa zaidi ya 1,500 vilifunguliwa mashine moja moja, vikapakiwa katika mabehewa na kupelekwa mashariki. Kiwanda cha Kharkov kilisafiri zaidi ya kilomita 1,800 hadi Nizhny Tagil, katika milima ya Ural, kikaunganishwa na kiwanda cha mabehewa ya reli. Sehemu kubwa ya kiwanda cha Kirov cha Leningrad ilikwenda Chelyabinsk, ikaingia katika kiwanda cha matrekta kilichofunguliwa mwaka 1933. Mji huo ukaitwa kwa utani Tankograd, yaani mji wa vifaru.

Msomaji na aangalie jambo hili: kiwanda cha vichwa vya garimoshi, kiwanda cha mabehewa, kiwanda cha matrekta. Vyombo vya kuchukulia watu na kulimia mashamba ndivyo vilivyotoa vifaru, kama vile kiwanda cha mashine za kupura ngano kilivyotoa kifaru cha kwanza huko Lincoln. Nchi isiyojua kutengeneza trekta haiwezi kuamka siku moja ikajua kutengeneza kifaru.

Mashine ziliposhushwa ziliwekwa mahali pake hata kabla ya paa kuezekwa. Watu walifanya kazi katika baridi ambayo chuma kilichanika nayo ngozi ya mkono. Wengi walilala katika mashimo yaliyochimbwa ardhini na kufunikwa kwa miti na udongo. Pamoja na hayo, vifaru vya kwanza vilitoka Nizhny Tagil kabla ya mwaka 1941 kwisha.

WANAWAKE, VIJANA NA MZEE MMOJA

Wanaume wengi walikuwa wamekwenda vitani. Nafasi zao zilishikwa na wanawake, wazee, na vijana wa miaka 14 na 15, ambao wengine walisimama juu ya masanduku ili waifikie mashine. Sasa likazuka tatizo. Kuchomelea mabamba mazito ya kifaru ni ufundi unaotaka miaka ya kujifunza, na mafundi wa kutosha hawakuwepo.

Tatizo hilo lilitatuliwa na mzee wa miaka 71, Evgeny Paton, bingwa wa uchomeleaji kutoka Kiev, ambaye chuo chake cha utafiti nacho kilihamia Nizhny Tagil. Paton na wenzake walitengeneza mashine iendayo yenyewe juu ya maungio, ikichomelea chini ya unga maalumu unaofunika moto. Kijana aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kuiongoza, na maungio yake yakawa imara kuliko yale ya mkono. Kazi ikaenda kwa kasi mara kadhaa kuliko zamani. Bingwa yule hakuwadharau watoto wale wala hakulalamika kwamba hawajui kazi. Aliibadili mashine ili ilingane na uwezo wao.

Wahandisi wengine nao waliondoa katika T-34 kila kipande kisichohitajika. Sehemu zilizochongwa kwa muda mrefu sasa zilimiminwa kwa mara moja. Gharama ya kifaru kimoja ikapungua mwaka hata mwaka, hata mwisho wa vita ikawa kama nusu ya ile ya mwaka 1941. Katika mwaka 1942 peke yake T-34 zaidi ya 12,000 zilitoka viwandani, na mpaka mwisho wa vita zilikuwa zaidi ya 50,000. Huko Stalingrad, mwezi Agosti 1942, kiwanda cha matrekta kiliendelea kutoa vifaru huku Wajerumani wakiwa wamefika pembeni mwa mji. Baadhi ya wafanyakazi waliacha mashine zao wakashika bunduki.

Lakini haifai kuyapamba mambo haya mpaka ukweli upotee. Kazi ile haikuwa ya nyimbo na bendera peke yake. Kwa amri ya tarehe 26 Desemba 1941, mfanyakazi wa kiwanda cha silaha aliyeacha kazi bila ruhusa alihesabiwa kuwa mtoro wa vita, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha miaka 5 mpaka 8. Chakula kilikuwa mkate wa mgao, nao haukutosha. Watu waliugua na kufa kwa njaa na uchovu wakiwa nyuma kabisa ya vita. Katika viwanda vya upande wa pili, Ujerumani iliwatumikisha kwa nguvu watu iliowateka katika nchi za wengine, na wengi wao hawakuiona amani. Kwa hiyo anayehesabu gharama ya vita vya vifaru hana budi kuwahesabu na watu hawa, ambao hawakupata nishani wala kaburi la kijeshi.

KURSK

Mwezi Julai 1943 majeshi hayo mawili yalipambana karibu na mji wa Kursk, katika mojawapo ya mapigano makubwa kabisa ya vifaru yaliyopata kutokea. Wajerumani walikuja na vifaru vipya. Kimoja kilikuwa Tiger, chenye tani 57 na mzinga wa milimita 88 uliopiga mbali. Kingine kilikuwa Panther, ambacho kwa karatasi kilikuwa bora kuliko T-34 kwa karibu kila jambo. Panther kama 200 zilipelekwa huko, na mapigano yalianza tarehe 5 Julai. Jioni ya tarehe 10, zilizokuwa tayari kupigana katika mstari wa mbele zilikuwa kama 10 tu. Mabomu ya ardhini na mizinga vilifanya kazi yake, lakini injini zilizoshika moto na gia zilizovunjika nazo zilifanya yake, kwa sababu gari lile lilitolewa kiwandani kabla halijaiva.

Wasovieti kwa upande wao walikuwa wamejiandaa kwa miezi. Wananchi kama 300,000, wengi wao wanawake, walichimba mahandaki na mitaro ya kuzuia vifaru. Mabomu yalitegwa ardhini kwa malaki. Askari wa miguu, wapiga mizinga na wahandisi walifundishwa kukiacha kifaru cha adui kipite, kisha kukitenga na wenzake.

Hapa pia tuseme kweli. Kwa miaka mingi pigano la Prokhorovka, la tarehe 12 Julai, lilisimuliwa kama ushindi mkubwa wa vifaru vya Kisovieti. Uchunguzi wa baadaye katika hati za pande zote mbili umeonyesha kwamba siku ile Wasovieti walipoteza vifaru kwa mamia, na hasara ya Wajerumani ilikuwa ndogo zaidi sana. Vijana wengi waliungua ndani ya T-34 walipokimbilia mizinga iliyoweza kuwapiga kutoka mbali. Hata kasoro za kifaru chao ziliwagharimu: kichwa chake kilikuwa na watu wawili tu, na kamanda alikuwa pia mpigaji wa mzinga, kosa lile lile la Wafaransa. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1944 kilipotoka T-34 chenye mzinga wa milimita 85 na nafasi ya watu watatu.

Hata hivyo, Wajerumani ndio waliosimamisha mashambulio, na Wasovieti ndio waliosonga mbele. Anayebaki na uwanja hubaki na vifaru vilivyoharibika, vyake na vya adui. Mafundi wa Kisovieti waliviburuta vile vilivyotengenezeka, wakavirudisha vitani. Wajerumani waliporudi nyuma waliviacha vyao. Magari ya kuwafuata adui yalitoka pia kwa wafanyakazi wa nchi nyingine: Marekani ilipeleka malori na magari madogo kwa malaki, na bila ya hayo vifaru vya Kisovieti visingeweza kufuatwa na mafuta, makombora na askari wa miguu mpaka Berlin.

MWISHO WA KIBURI

Desemba 1944 Wajerumani walifanya shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi, katika misitu ya Ardennes. Kikosi cha Joachim Peiper, ambacho watu wake waliwaua mateka wa Kimarekani njiani, kilitangulia na vifaru vizito. Mpango wao ulitegemea kuteka petroli ya Wamarekani. Hawakuipata ya kutosha. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba, katika kijiji cha La Gleize, watu kama 800 waliokuwa wamebaki waliyaacha magari yao yote, wakatoroka kwa miguu katika theluji.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona kwa macho yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, nayo yalikuwa na vifaru. Mwanzoni mwa Novemba yalilivunja daraja la Kyaka, na mto Kagera ukawa ukuta mbele ya kila gari zito. Ili jeshi la Tanzania livuke na kuwafukuza wavamizi, wahandisi walilazimika kuunda kivuko kipya juu ya maji. Askari na vyakula vilisafirishwa kutoka kila upande wa nchi kwa reli, na kwa malori na mabasi yaliyochukuliwa katika kazi zake za kila siku. Vita viliifikisha Tanzania mpaka Kampala mwezi Aprili 1979, na kila kilomita ya safari ile ilipitiwa kwanza na dereva, fundi na pipa la mafuta.

Twasema haya kwa sababu fahari ya chuma huwapumbaza watu. Serikali yaweza kununua vifaru, ikavipitisha mbele ya jukwaa siku ya sikukuu, na wananchi wakapiga makofi. Lakini yafaa mwananchi aulize: viko wapi vipuri? Ni nani atakayekitengeneza kikiharibika? Je, fundi huyo amefundishwa, analipwa, anashiba? Daraja la kwetu laweza kubeba tani 40? Maswali hayo si ya uoga wala ya ukaidi. Ndiyo maswali ambayo majenerali wa mwaka 1918, wa mwaka 1940 na wa mwaka 1944 walijibiwa kwa damu za watu wao.

Mzee Paton, kabla ya kuwa bingwa wa kuchomelea, alikuwa mjenzi wa madaraja. Vita vilipokwisha alirudi Kiev na ujuzi ule ule uliounganisha mabamba ya vifaru, akautumia kubuni daraja refu juu ya mto Dnieper, ambalo sehemu zake za chuma ziliungwa kwa kuchomelewa badala ya ribiti. Alikufa mwezi Agosti 1953, miezi michache kabla ya daraja hilo kufunguliwa. Limepewa jina lake. Vifaru vingi vya vita vile viliyeyushwa zamani na kuwa chuma chakavu. Daraja lingali linapitisha watu waendao kazini.